Koleo na Bamba la Baba Mkwe

3 Mei, Jumapili

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki moyo wenyewe usikie. Akaongeza kwamba nipange mambo yangu. Nikamwambia yamekwisha kupangwa. Suti ipo kabatini. Vitabu vimegawiwa. Ugomvi na jirani umekwisha, kwa kuwa jirani alihama. Limebaki jambo moja tu. Hilo sikumwambia.

Nimefungua shajara hii ili nilitoe. Nikiweza kuliandika, labda nitaweza kulisema.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wananiita Koleo. Wameniita hivyo tangu siku niliyokwenda kuposa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa marumaru, na karakana yake ilikuwa papo hapo nyuma ya nyumba yao. Humo alikuwa na bamba la jiwe, nene kama kamusi, limesuguliwa pande zote mbili hadi mtu angeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Lilisimama kwa ukingo kwenye kishikizo cha mbao. Kila aliyeingia kujifunza kazi alitakiwa aliinue kwa mkono mmoja, kidole gumba upande huu, vidole vinne upande ule, kiganja kisiguse. Ndivyo mafundi wanavyobeba mawe yaliyobanana, pasipo na nafasi ya kupitisha mkono chini. Aliyeshindwa alipewa ufagio mpaka vidole vikomae. Baba mkwe akaona haja gani ya kuwapima wanafunzi peke yao. Akaongeza wachumba wa binti yake.

Wawili walikwisha kurudishwa na ufagio. Mimi wa tatu. Mwalimu wa fizikia! Vidole vilivyozoea chaki!

Nililiinua. Si kuliinua tu, nilitembea nalo hadi langoni na kurudi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Nikapewa mke na jina siku moja.

Ulikuwa ulimbo. Nilipaka ulimbo vidoleni, ule utomvu unaonata ambao watoto hutegea ndege. Haya. Nimeandika. Dari haijaanguka.

Kwa lugha ya fizikia, niliongeza msuguano. Kwa lugha ya watu wengine wote, nilidanganya.

Na ule mwendo wa hadi langoni? Si ushujaa. Bamba lilikataa kuachia. Nilikuwa natembea kwa sababu sikujua la kufanya.

Kwa nini niseme sasa? Kwa sababu Jumamosi anakuja mchumba wa mjukuu wetu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyerithi karakana, ameapa kwamba bamba litatoka. Na anayetakiwa kuketi mbele kama mwamuzi ni Koleo.

4 Mei, Jumatatu

Muuguzi alikuja asubuhi kunipima presha. Akanitaka nimbane kidole, aone kama nina nguvu. Nikambana. Akaruka. Akauliza mzee kama mimi vidole hivi nimevitoa wapi, na mguu wenyewe kuinuka ni shughuli.

Nilimwambia ni majaliwa. Uongo wa pili kwa siku chache. Ukweli ni mazoezi. Baada ya harusi niliona kuna njia moja tu ya kuufuta ule udanganyifu, nayo ni kuugeuza kuwa kweli. Nikaanza siku ile ile tulipohamia nyumba yetu. Nilibana kamusi mbili pamoja kwa majalada yake nikasimama nazo dirishani. Nilibana matofali. Nilitundika ndoo kwenye kipande cha ubao nikaongeza mchanga kila mwezi. Nilibana sahani za mke wangu, mpaka zikabaki mbili na tukaanza kula kwa zamu. Niliwasahihishia wanafunzi mitihani kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukibana. Kidole gumba kilinenepa mpaka glavu za wanaume zikakataa. Miaka ikaenda, nikastaafu. Hakuna chupa wala kopo katika ukoo huu ambalo sikulifungua mimi.

Lakini bamba? Nilijitafutia jiwe la kufanana nalo, nikaliweka stoo nyuma ya mlango. Nimelivuta maisha yangu yote ya ndoa. Mara moja tu lilipanda hadi usawa wa kifundo cha mguu. Likashuka na ukucha wa kidole kikubwa.

Leo nikapata wazo. Nikiliinua kihalali kabla ya Jumamosi, hata mara moja, deni la heshima litakuwa limelipwa na sina haja ya kukiri chochote! Nikaingia stoo. Nikajikaza kisabuni. Jiwe halikutikisika. Mimi ndiye niliyetikisika, nikaangukia rafu ya vyungu.

Mke wangu akauliza kutoka jikoni ni nini hicho. Nikasema paka.

Hatuna paka.

5 Mei, Jumanne

Mpango mpya. Pasipo na bamba hakuna mtihani. Pasipo na mtihani hakuna mwamuzi. Nitaliiba.

Karakana iko uchochoro mmoja tu kutoka kwetu. Nilikwenda na kigari changu cha kutembelea, kile chenye magurudumu na kikapu mbele. Niliwahi wakati mafundi wamekwenda kula. Bamba lilikuwa pale pale kwenye kishikizo chake, linanitazama kwa sura yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipogundua kasoro ya mpango. Ili kuliiba bamba, sharti kwanza uliinue.

Nilikuwa nimelishika hivyo, kidole gumba huku, vidole kule, jasho jembamba likinitoka, shemeji alipoingia. Nilidhani nimekamatwa. Loo! Yeye alisimama mlangoni akavua kofia. Akasema alijua tu kwamba nitakuja kuliaga. Macho yakamlenga machozi, mtu mzima na mvi zake. Akasema alikuwa kijana siku ile, lakini hajawahi kusahau.

Mafundi waliporudi akawakusanya akawasimulia. Kila mwaka anatia chumvi kidogo. Katika simulizi ya leo nimelibeba bamba kupita langoni, nikashuka nalo barabarani, nikampisha mtu wa baiskeli, nikampungia kwa mkono mwingine.

Nilitabasamu. Ningefanya nini? Nilijiona mdogo kama kipande cha chaki kilichobaki ubaoni.

6 Mei, Jumatano

Nimekiri! Nimekiri kwa shemeji mwenyewe, uso kwa uso!

Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilipita kwenye mti ule unaovuja utomvu karibu na uzio wetu, nikakwangua ulimbo kidogo nikautia katika kikopo cha dawa ya kifua. Ushahidi. Mwalimu hatoi maelezo bila kielelezo.

Nilimkuta shemeji kwenye mashine ya kung'arishia. Mashine ile ikiunguruma, hata mtu akigongwa nyundo kichwani hasikiki. Nikapiga moyo konde, nikamwinamia sikioni, nikamweleza yote tangu mwanzo. Ulimbo, lango, hofu. Sikuacha kitu. Yeye akawa anatikisa kichwa polepole, mkono uko kwenye jiwe. Nikamaliza, nikamshika bega, nikaondoka. Nilijisikia mwepesi kama karatasi. Nikalala usingizi wa mchana bila kidonge.

Jioni mke wangu akaja na habari. Amekutana na kaka yake. Kaka huyo amemwambia kwamba nilikwenda karakana kumwombea dua, naye hakusikia hata neno kwa sababu ya mashine, lakini aliitikia amina moyoni.

Mke wangu akaniuliza tangu lini mimi nawaombea watu dua katikati ya vumbi. Nikasema moyo umechoka. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

7 Mei, Alhamisi

Sikuweza kunywa chai. Mke wangu akaweka kikombe chake chini, akasema ama niseme kilichonikaba ama amwite daktari, nichague.

Daktari asingeniumiza kama ukweli. Lakini nikachagua kusema.

Nilimwambia niliyemwogopa kuliko wote ni yeye. Shemeji akinidharau, nitavumilia. Lakini yeye aliolewa na mwanaume aliyeinua bamba. Kama bamba halikuinuliwa, basi aliolewa na nani? Nikatoa kikopo mfukoni nikakiweka mezani, nikafungua kifuniko.

Hakukiangalia. Aliendelea kutia sukari. Kisha akasema:

"Mwalimu, ulidhani mimi niliolewa na jiwe?"

Akakoroga chai yake.

"Jioni ile wageni walipoondoka ulinishika mkono pale barazani. Unakumbuka? Hukuuachia. Nikauvuta, hukuuachia. Nikajisemea, huyu mwanaume ananipenda kupita kiasi. Mpaka nilipoingia ndani nikakuta kitambaa cha kichwa kimeganda kiganjani mwangu. Nilikaa na mafuta ya taa nusu saa, nikisugua na kucheka peke yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba wale wawili wa kwanza walilijaribu bamba mara moja, wakashukuru, wakaenda zao. Mimi nilikwenda kugema ulimbo. Alimtaka yule aliyekwenda kugema ulimbo.

Nilipumua. Sijui nilikuwa nimeibana pumzi ile tangu lini.

Nikamuuliza na sahani je? Akasema kwamba kuhusu sahani ana neno, lakini ataliacha kwa sababu ya moyo wangu.

Halafu akakunja uso. Kaka yake hajui. Kesho niende nikamwambie, na mashine iwe imezimwa. Na uchafu huo wa kwenye kikopo niutupe. Nikasema nitautupa. Nikautia mfukoni mwa koti ili nisisahau.

8 Mei, Ijumaa

Mashine ilikuwa imezimwa. Niliikagua mwenyewe.

Nilikaa juu ya kreti. Shemeji akakaa kwenye jingine. Nikasema. Safari hii maneno yalikuwa machache. Niliinua bamba kwa ulimbo, shemeji. Na nilitembea nalo kwa kuwa halikuachia.

Aliondoka akaenda kulifunga lango. Nikawaza, basi, hapa ndipo tunapoachana, na sitafika nyumbani bila kigari, na kigari kiko upande wa pili wa lango. Aliporudi alisimama mbele ya bamba akiwa amenipa mgongo.

Akaanza kusimulia, taratibu, kama anayezungumza na jiwe. Alisema siku ile alipoona nimelibeba hadi langoni aliona aibu. Yeye ni mtoto wa fundi, amezaliwa katika vumbi la mawe, na mwalimu wa shule amempita. Tangu hapo kila mafundi walipoondoka alibaki. Alianza kwa kuliinua. Kisha hatua moja. Akawa analiweka, anapuliza vidole, analichukua tena. Ngozi ikachanika ikaota upya. Mke wake alidhani ana mwanamke mwingine, akaja kumvizia, akamkuta anatembea na bamba. Ilimchukua miaka. Kisha siku moja akafika langoni na kurudi, bila kupumzika, bila mtu kuona isipokuwa mkewe, ambaye alikuwa amesinzia.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba amekuwa wa pili?

Nilitaka ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo alikuwa anashindana na utomvu wa mti.

Ndipo akageuka. Nilitarajia hasira. Uso ulikuwa wa kijana.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema, "wa kwanza ni mimi."

"Wa kwanza ni wewe," nikasema. "Na wa pekee."

Akakaa chini, akaanza kucheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Akanishika mkono wangu, akaupekua kama fundi anavyopekua jiwe, akagusa kidole gumba na ile nundu yake. Akaniuliza hii nayo ilitoka wapi. Ikabidi nimweleze kamusi, ndoo, sahani. Akasema kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na mlango wake umefungwa, tunamkimbiza mtu asiyekuwepo.

Jina la Koleo ameniachia. Anasema watu wamezeeka, hawawezi kufundishwa jina jipya. Anataka kitu kimoja tu. Kesho, kabla bamba halijatoka, niwaambie wote.

Nikamuapia. Nikasema hila zangu zimeishia hapa. Nitaingia kaburini mnyoofu kama rula.

Mwanga wa jioni ulikuwa mzuri ajabu njiani. Au ni mimi.

9 Mei, Jumamosi

Nilitimiza ahadi. Naomba hilo liandikwe la kwanza.

Ndugu walikaa uani kwenye karakana, kwenye mabenchi na makreti. Mchumba alikaa mbele, kijana mpima macho, suti safi, miwani safi, vidole vyembamba vya kushikia vioo. Nilisimama, nikaegemea kigari changu, nikasema yote. Kisha mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, ukazuka mlipuko. Watu walishika mbavu. Nikawaambia aliyelibeba kweli ni huyu hapa. Shemeji akasimama kifua mbele, akatembea hadi langoni na kurudi bila kubeba kitu, ili tu waone umbali wenyewe. Wakampigia makofi. Mke wangu akanirekebishia kola. Sijawahi kuwa msafi namna ile.

Usafi ulidumu muda wa kikombe kimoja cha chai.

Mjukuu wangu alikuja akachuchumaa kando yangu. Alininong'oneza kwamba mwenzake amekwisha kunawa mikono mara tatu na bado inatoka jasho. Akasema hajali bamba, yeye amekwisha kuamua. Lakini kijana anajali. Hajalala tangu alipoambiwa. Akasema, "Babu, akishindwa mbele ya watu wote hawa, atajiona hafai maisha yake yote."

Nikatia mkono mfukoni ili nitoe kitambaa nimfute mtoto machozi. Nikakutana na kikopo.

Nilipinga. Nataka ijulikane kwamba nilipinga. Nilihesabu hoja zote kwa utulivu. Kwanza, yeye ataliinua tu, hatatembea, kwa hiyo cheo cha shemeji hakiguswi. Pili, mimi niliapa kwa ajili yangu, sikuapa kwa ajili ya wapima macho. Tatu, ni msuguano tu.

Nikamwita kijana nimpe baraka za babu. Akaja akaamkia, shikamoo babu. Nikampa mkono. Nikaushika kwa upendo, kidole kwa kidole, nikausugua vizuri kila mahali. Akautazama mkono wake. Akanitazama. Nikamwambia Mungu yuko pamoja naye, aende.

Bamba lilitolewa. Likasimamishwa. Kijana akavua koti, akalibana, akafumba macho.

Likapanda jepesi kama mkate!

Ua mzima ukashangilia. Mjukuu wangu akaruka. Shemeji, mtu wa haki, alipiga makofi kuliko wote. Nami nikaegemea kiti nikiwa nimetosheka kabisa. Nikasema kwa sauti ya mwamuzi, vizuri, inatosha, liweke.

Hakuliweka.

Aliinama, akaligusisha chini, akafungua vidole. Yaani alijaribu kufungua vidole. Akainuka nalo tena. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Kisha, Mungu wangu, akaanza kutembea. Anaelekea langoni!

Makofi yakapungua moja moja. Kijana akafika nusu ya njia, akasimama, akanigeukia mimi, si mtu mwingine, mimi.

"Babu," akasema, "haliachii."

Shemeji aligeuza shingo polepole mpaka macho yake yakatua juu yangu. Nikaangalia mawingu.

Mke wangu aliinuka, akakunja mikono ya gauni, akaenda ndani kutafuta mafuta ya taa.

10 Mei, Jumapili

Niko hai. Nimesamehewa, au walau hakuna aliyekuja na nyundo.

Shemeji alicheka mpaka akakaa vumbini na suti yake. Anasema yeye sasa ndiye wa kwanza mbele ya mashahidi, na wa pili bado hajazaliwa. Kijana alipobanduliwa alitaka kuondoka kwa aibu. Mjukuu wangu akamshika mkono ule ule, kabla haujasuguliwa vizuri, na hapo hapo wakaganda wote wawili. Mke wangu alikuja na chupa, akawatazama, akaiweka chini. Akasema waachwe kwanza. Harusi ni baada ya mvua za masika.

Muuguzi amenipima leo. Anasema presha yangu haijawahi kuwa nzuri namna hii mwaka mzima, kwani nimefanya nini? Nikamwambia nimekiri makosa yangu. Akasema niendelee hivyo hivyo.

Nimetafakari sana tangu asubuhi. Mtu akikaribia mwisho ni lazima ajue alipokosea, na mimi nimepajua.

Kosa lilikuwa kipimo. Nilimpaka kijana kiganja kizima, wakati punje moja tu kwenye kidole gumba ingetosha kuinua na ingeachia yenyewe. Mwalimu wa fizikia, na sikufanya jaribio hata moja!

Kikopo nimekihamishia nyuma ya saa ya ukutani. Mjukuu wetu mdogo bado hajapata mchumba. Nitamwomba daktari anisogezee miaka miwili, mitatu.